Manjano kwenye mchuzi wa sato, naweka saa ngapi?

SWALI: Shikamoo dada, niko Igoma hapa Mwanza. Nimeambiwa manjano inasaidia magoti basi namwaga kijiko kizima kwenye mchuzi wa sato mwishoni kabisa, watoto wanagoma wanasema inanuka udongo. Nakosea wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kijiko kizima ni nyingi mno jamani, nusu kijiko cha chai inatosha sufuria ya watu 5, na usiweke mwishoni, weka kwenye mafuta kitunguu kikishalainika, moto mdogo maana ikiungua inakuwa chungu, koroga kama nusu dakika mpaka mafuta yawe rangi ya dhahabu na ile harufu ya udongo ikate, ndo utie nyanya halafu sato wako. Tena mafuta yanasaidia kwa sababu kurkumini, ile kemikali ya kwenye manjano inayosifiwa, haiyeyuki vizuri kwenye maji na mwili unaipokea kidogo sana. Twangia na punje chache za pilipili manga, ina piperini inayoisaidia kuingia mwilini.

Ila kwenye unga wa manjano kurkumini ni kama asilimia 3 tu, kwa hiyo magoti yakiuma nenda hospitali kapimwe, na kama unatumia dawa za kuzuia damu kuganda usianze vidonge vya manjano kabla hujamuuliza daktari. Mchuzi we kula tu.