Meli haisubiri, maji nayo hayasubiri: maswali yenu ya pwani

Haya jamani, wiki hii maswali ni ya pwani tupu, nadhani ni baridi hii ya Julai, mi mwenyewe hapa Moshi naandika nikiwa na sweta mbili. Twende.

*"Wageni wangu wanafika Zanzibar na meli ya utalii saa 2 asubuhi, saa 11 jioni wawe wamesharudi melini. Wanataka Nungwi kuona wavuvi, inawezekana?" Dada wa Sakina, Arusha*

Dada, inawezekana ila mi nisingethubutu. Nungwi ni kama kilomita 60 kutoka Mji Mkongwe, kwenda na kurudi masaa matatu yameshaliwa, na hiyo saa 2 ni meli kufunga gati sio mgeni kukanyaga chini, kuna foleni, alafu kuna yule mzee lazima arudi kufuata kofia. Kingine ambacho watu wa huku bara hatukijui: ziara ikiuzwa na meli yenyewe basi mkichelewa watawasubiri, ila mgeni akitoka kivyake na wakala kama wewe, meli inaondoka. Yaani pancha moja pale Mahonda na una wageni wanne wa kuwatafutia ndege.

Waonyeshe uvuvi hapo hapo mjini. Asubuhi diko la Malindi, pale boti zinaposhusha samaki, waone madau na samaki wanavyopigwa mnada, kisha mtembee mpaka soko la Darajani, lile la mwaka 1904, wanuse wenyewe. Wakishachoka, wapige juisi ya miwa kivulini na bado bandari iko karibu.

Na uhakikishe saa! Meli nyingine zinabaki na saa yake hata ikifika nchi yenye saa tofauti, kwa hiyo uliza wageni wanafuata ipi. Mi mwaka wangu wa kwanza nilimtumia dereva meseji "wachukue 10", nikimaanisha ya kizungu, yaani saa 4 asubuhi, yeye akasoma saa 10 jioni akaenda zake kulala. Wageni walikaa juani mpaka wakawa wekundu kama pilipili, siku hizi naandika asubuhi au jioni kila mahali.

*"Nataka kuwapeleka wanangu Pangani Desemba waone samaki wakishushwa. Wavuvi wanarudi saa ngapi?" Mama wa Majengo, Moshi*

Shikamoo mama. Hapo usiulize saa, uliza mwezi. Wavuvi wa dagaa wanatumia taa usiku, sasa mbalamwezi ikiwa kali taa haivuti kitu, wengi wanabaki nyumbani wanashona nyavu. Ukienda siku za mwezi mpevu utawakuta watoto wako wanaangalia mashua zimelala mchangani. Nenda wakati wa giza, mwezi mpya unapoandama, amkeni alfajiri.

Tena siku hizo ndo bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana, na pwani yetu siku za bamvua kwenye saa 4 asubuhi yanakuwa yamekupwa kabisa, utaona kina mama wanatembea miambani na vijiti kutafuta pweza. Kila siku inayofuata sogeza mbele kama dakika 50. Kisiwa cha Maziwe, hapo nje ya Pangani, nacho ni fungu la mchanga tu, maji yakijaa linazama, kwa hiyo mwenye boti akikwambia "twende tu muda wowote mama" mwogope huyo. Desemba upepo wa kusi umeshaisha, bahari inakuwa na adabu kidogo.

Waambie watoto pia mto Pangani wanaouona pale unatoka kwetu, mito ya Kikuletwa na Ruvu inakutana bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha safari mpaka baharini. Wangu hawakuniamini.

*"Kupiga picha wavuvi kuna noma?" Dogo wa Usa River*

Omba kwanza dogo. Mtu ametoka baharini usiku kucha hajauza hata kibua, wewe unamchomekea simu usoni. Salimia, nunua kitu, utapiga mpaka chaji iishe. Na bukta ya ufukweni usiingie nayo mtaani.

*"Naweza kurudi Moshi na samaki wabichi kwenye basi?" Mzee wa Himo*

Shikamoo mzee wangu. Unaweza, ila kondakta akiona maji yanachuruzika kwenye buti mtashuka wote wawili, wewe na nguru wako. Nunua Tanga mjini siku ya kuondoka, pale soko la samaki la Deep Sea, watoe matumbo hapo hapo, barafu ya kutosha ndani ya kontena la plastiki lenye mfuniko unaobana, funga na selotepu. Usinunue Pangani jana yake. Kama hutaki presha chukua waliokaangwa au wakavu, na kwa kuwa basi linapita Himo kabla ya kufika kwangu, we nipigie tu, nakuja na ndizi.