Usisaini bado, piga hesabu kwanza

Dada, umeuliza kama cheti cha usaidizi wa kliniki hapa Marekani kinalipa, na chuo cha binafsi kinakutaka dola 16,000. Naomba usisaini bado. Kwa takwimu za Wizara ya Kazi za 2023, mshahara wa kati wa kazi hii ulikuwa dola 42,000 kwa mwaka, yaani kama 20 kwa saa, kabla ya kodi. Ukikopa ada yote hiyo, utaikokota miaka.

Mimi nilisoma komyuniti koleji, yaani chuo cha umma cha ada nafuu, na ruzuku ya Pell, msaada wa serikali kuu kwa wanafunzi wa kipato cha chini, ikabeba karibu ada yote. Pell hairudishwi, kwa hiyo jaza FAFSA, fomu ya kuomba msaada huo, kabla hujaongea tena na mtu wa udahili. Kilichonitoa jasho ni mazoezi ya kliniki: saa 160 bila hata senti. Mchana namfunga mgonjwa kamba ya mpira mkononi, natafuta mshipa. Usiku nakesha na wazee ili kodi ya nyumba ilipwe. Hizo saa nazo ni gharama, ziweke kwenye hesabu yako.

Waulize pia kama wana ithibati ya CAAHEP au ABHES, mashirika yanayokagua ubora wa mafunzo ya afya, maana ndiyo njia iliyonyooka ya kufanya mtihani wa CMA, cheti cha kitaifa cha msaidizi wa kliniki. Na kama nia yako hasa ni unesi, uliza kama masomo yao yatahesabiwa huko mbele. Wakibabaika kujibu, anza na CNA, yaani msaidizi wa muuguzi; mafunzo yake huanzia saa 75 tu.