Porto Cervo kwa mfuko mdogo

Kutembelea Porto Cervo kwa pesa kidogo inawezekana kabisa. Kutembea kando ya bandari ya Porto Cervo, kwenye kisiwa cha Sardinia, Italia, ni bure, hulipi kiingilio kutazama boti za matajiri. Kinachokula pesa ni kulala palepale. Lala mji wa Olbia, kama kilomita 30 hivi kutoka hapo, upande basi la ARST (kampuni ya mabasi ya umma ya Sardinia) asubuhi urudi jioni.

Nimefanya kazi Olbia misimu miwili ya kiangazi, na siku za mapumziko ndivyo nilivyokuwa nikienda: mkate, jibini na maji ya dukani kwenye begi, nakaa kando ya gati kutazama mabaharia wakisugua sitaha mpaka inang'aa kama kioo. (Porto Cervo yenyewe ilianzishwa miaka ya 1960 na Aga Khan wa Nne, yule aliyeishi Nairobi utotoni.)

Usikose kanisa la Stella Maris, jeupe, kilimani juu ya bandari. Ufuo nao kisheria ni wa umma. Unalipia kiti na mwavuli tu, kwa hiyo beba taulo lako. Ila angalia ratiba ya basi mapema, maana nje ya kiangazi safari hupungua sana.