Dini au ukanamungu? Tazameni Nyange

Ndugu, umesema mauaji makubwa ya karne ya 20 ni ya wasioamini Mungu, ukawataja Stalin wa Urusi ya Kisovieti na Pol Pot wa Kambodia. Mwenzako kakujibu kwa Vita vya Msalaba, vile vya Wakristo wa Ulaya wa zama za kati. Mimi nawaomba mtazame mauaji ya kimbari ya Watutsi, Rwanda, 1994.

Nchi ile ilikuwa ya Wakristo kwa wingi mkubwa, hasa Wakatoliki. Aprili mwaka huo Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisa la parokia ya Nyange, wakiamini hapo hawataguswa. Likaangushwa kwa tingatinga wakiwa ndani. Padri wa hapo, Athanase Seromba, alishtakiwa katika mahakama ya Umoja wa Mataifa pale Arusha, na mwaka 2008 rufaa ikampa kifungo cha maisha. Padri!

Je, ni Injili iliyowatuma wauaji? Hapana. Kulikuwa na vitambulisho vilivyoandikwa kabila, urithi wa Wabelgiji tangu miaka ya 1930, redio RTLM ikichochea mchana na usiku, na watawala walioamua Watutsi wauawe. Lakini Kanisa nalo halichomoki: wakubwa wake walikuwa karibu mno na watawala hao. Papa Francis aliomba msamaha 2017.

Kambodia vivyo hivyo. Watawa wa Kibudha walivuliwa mavazi yao kwa nguvu, kweli kabisa. Ila watu waliuawa pia kwa kuwa wasomi, au kwa kuwa na asili ya Vietnam. Kutoamini Mungu hakuelezi kwa nini mwalimu wa hesabu auawe.