Usimwandike mzee wa Mau "skwota"

Ukija kufanya kazi nasi hapa Nakuru kama msaidizi wa kisheria, siku ya kwanza utapewa daftari, kalamu na ushauri wa kununua gambuti. Pengine utavunjika moyo kidogo, hasa kama umetoka chuo cha sheria ukitarajia kushika faili za kesi. Hizo zipo. Lakini ofisi hii inasaidia Waogiek, jamii ya wawindaji na warina asali wa msitu wa Mau, na wengi wetu ni Waogiek, kwa hiyo kesi zetu huanzia jikoni kwa watu, Nessuit au Mariashoni, moshi ukikuumiza macho.

Mimi niliharibu kazi kwa neno moja. Nilitumwa kuchukua maelezo ya mzee mmoja, akaongea karibu saa mbili kuhusu mizinga ya babu yake. Nikaona anazunguka tu, nikafupisha: "Mlalamishi ni skwota katika msitu wa serikali." Wakili wetu alisoma mstari huo akanirudishia karatasi bila kusema kitu. Nilielewa baadaye. Skwota ni mtu aliyeingia kwenye ardhi ya mwenzake. Mzee huyu hakuingia popote; msitu ulitangazwa kuwa wa serikali yeye na ukoo wake wakiwa ndani. Kifungu cha 63 cha Katiba kinazihesabu ardhi za jadi za jamii za wawindaji kuwa ardhi ya jamii, nami kwa kalamu yangu nilikuwa nimeshamtoa humo.

Basi mzee akianza na asali, mwache na asali. Muulize mzinga ulitundikwa mti gani, bonde lipi, nani aliurithi, na ng'ambo ya mto ulikuwa ukoo gani. Ndiyo mipaka hiyo anayokutajia, na hakuna ramani ya ofisi yoyote iliyoiweka. Oktoba 2009 watu walipopewa siku 30 wahame Mau, hoja ilikuwa kuhifadhi msitu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kule Arusha, tarehe 26 Mei 2017, ilikataa kwamba sababu hiyo ilitosha kuwafukuza. Hukumu ile ilisimama juu ya uhusiano wa watu na msitu wao, na uhusiano huo hauandikiki kwa mstari mmoja.

Hati ya kiapo huandikwa kwa Kiingereza. Kabla mzee hajaweka dole gumba, msomee aya kwa aya kwa lugha yake, na uandike nani alitafsiri. Nimewahi kumwona nyanya mmoja akiulizwa kortini kuhusu aya ya tisa akajibu, "Hayo sikuyasema." Alisema kweli.

Halafu kuna pesa. Juni 2022 Mahakama ya Afrika iliamuru serikali ilipe shilingi 57,850,000 kwa hasara ya mali na 100,000,000 kwa madhila. Sokoni Elburgon utashikwa mkono uulizwe, "Zangu ni ngapi?" Eleza kwamba ni za hazina ya maendeleo ya jamii nzima, hazigawanywi kwa kichwa. Na usimwambie "tulishinda" mtu ambaye hana hatimiliki. Mwaka uliofuata nyumba zilibomolewa Sasimwani, upande wa Narok. Hukumu ipo, utekelezaji ni shughuli nyingine.

Kuwa msaidizi wa kisheria si kuwa wakili: huwezi kusimama mbele ya jaji kumtetea mtu, wala hutozi ada. Asali ya kuonja ipokee, kuikataa ni matusi. Mtungi mzima ukiletwa siku moja kabla ya kesi, urudishe kwa adabu.

Nilirudi kwa yule mzee na daftari jipya. Safari hii tulijaza kurasa kumi na moja. Nilipomsomea, alinisimamisha mara moja tu: nilikuwa nimekosea jina la mto.