Mama kupasuliwa ubongo kwenye hospitali ya kufundishia

Pole sana, ndugu. Nimekuelewa: mama ana uvimbe kwenye ubongo, amepewa rufaa ya hospitali ya chuo kikuu, nawe unahofia "wanafunzi watamfanyia majaribio". Nilimuuguza baba katika wodi ya namna hiyo, na hofu yetu ilikuwa hiyohiyo.

Hao "wanafunzi" wanaoshiriki upasuaji ni madaktari kamili wanaosomea ubingwa, safari ya miaka kadhaa. Mwenye dhamana ya upasuaji ni daktari bingwa. Muulize yeye mwenyewe, usione haya: nani atashika kisu? Wewe, daktari, utakuwepo sehemu zipi? Upasuaji kama huu umeufanya mara ngapi? Andika majibu. (Sisi hatukuandika, tukabaki kubishana nyumbani.)

Utafiti ni jambo jingine kabisa. Ridhaa ya upasuaji si ridhaa ya utafiti. Someni kila fomu kivyake. Azimio la Helsinki, mwongozo wa maadili ya utafiti wa Chama cha Madaktari Duniani uliopitishwa 1964 na kurekebishwa mara kadhaa, linampa mama haki ya kukataa au kujitoa baadaye bila kupunguziwa huduma. Lakini msikatae kwa woga tu. Wakati mwingine wanachoomba ni kipande cha uvimbe ambao ungetolewa vyovyote vile.

Akianza kutapika huku kichwa kikimuuma vikali, akipata degedege, akisinzia isivyo kawaida au akilegea upande mmoja, msisubiri tarehe ya kliniki. Mkimbizeni idara ya dharura. Na kama anameza deksamethasoni (dawa ya kupunguza kuvimba kwa ubongo), asiiache ghafla bila daktari kusema.