Seva ya barua pepe kwenye kontena: yaliyonikuta Arusha

Mkuu, nimekusoma. Uko Moshi, una ofisi ndogo ya kupandisha wageni mlimani, watumiaji sita, umechoka kulipia masanduku ya barua kila mwezi, na kuna kompyuta imekaa bure chini ya kaunta. Unataka uweke Docker, ile inayoendesha programu ndani ya makasha yaliyotengwa (makontena), uwashe kontena moja la barua, kazi iishe. Hofu yako kubwa ni umeme.

Mimi natunza kompyuta za ofisi ya utalii hapa Sakina, na nilianza hivyo hivyo, hadi kaunta.

Umeme usikutishe. Seva ya anayekuandikia ikikuta yako imezimika haiitupi barua, inaiweka foleni na kujaribu tena baadaye. Postfix, programu ya kupokea na kutuma barua, usipoigusa mipangilio yake, hung'ang'ana hadi siku 5. Sisi tulikaa gizani Ijumaa jioni hadi Jumapili, na usiku ule barua za wageni zikaingia kwa mkupuo kama daladala zilizokuwa zimezuiwa kupisha msafara.

Kilichonikwamisha ni laini. Nilipoteza saa nzima nafungua poti (milango ya mtandao) kwenye ruta, na kutoka nje hakuna kinachoingia. Kuja kuangalia IP (anwani ya mtandao) ambayo ruta yenyewe imepewa, inaanza na 100.72. Ukiona namba yoyote kati ya 100.64 na 100.127, acha kujichosha: mko wateja wengi nyuma ya IP moja ya kampuni, huna mlango wako. Nikalipia IP ya kudumu. Barua zikaingia, kutoka zikagoma, kwa sababu poti 25, ile seva hutumia kupelekeana barua, ilikuwa imefungwa kwenda nje. Na hata ingefunguliwa, IP nyingi za majumbani zimo kwenye orodha ya Spamhaus, shirika linalofuatilia watuma barua taka, iitwayo PBL, yaani zile zisizotarajiwa kutuma barua moja kwa moja. Hujakosa lolote, ila mtaa unaokaa haukopesheki.

Basi nikakodi seva nje, Ujerumani. Hapo napo uliza kabla ya kulipa, maana wakodishaji wengi humfungia mteja mpya poti 25 mpaka aombe. Uliza pia kama wanakuruhusu kuandika rekodi ya kinyume: IP ikiulizwa jina ijibu jina la seva yako, na jina hilo likiulizwa lirudishe IP ileile. Rekodi hiyo huiweki kwenye domeini yako ya .co.tz, inawekwa kwa mwenye IP. Tangu Februari 2024 Gmail inaidai kwa kila mtumaji, pamoja na SPF (orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina la domeini yako) au DKIM (sahihi ya kidijitali kwenye kila barua). Wewe weka zote mbili, na DMARC, inayosema barua zisizopita ukaguzi huo zifanyweje, uianze kwa p=none, yaani zisizuiwe.

Kontena lenyewe ni kazi ya jioni moja. Nilichagua docker-mailserver kwa kuwa Postfix na Dovecot (inayotunza masanduku ya barua) zimo kwenye kontena moja na mipangilio ni mafaili tu. Mailcow ina kurasa nzuri za kubofya, lakini ni ukoo mzima wa makontena na inataka RAM ya giga 6. Kwa watu sita ni kuchinja ng'ombe kwa ajili ya supu ya mtu mmoja. Docker-mailserver inatosheka na giga 2, ila ClamAV, kikagua virusi, iache imezimwa, peke yake inakula zaidi ya giga moja.

Sasa hapa soma polepole, maana ndipo nilipoaibika. Kuna kipengele kinaitwa PERMIT_DOCKER. Kikija chenyewe kimewekwa none, yaani asiaminiwe yeyote bila nywila. Mimi nilikuwa na kontena la tovuti linalotuma fomu za wageni, nikaona uvivu kulipatia akaunti na nywila yake, nikaandika network. Maana yake: yeyote anayetokea mtandao wa ndani wa Docker aaminiwe, atume bila kuulizwa. Wiki mbili shwari. Jumamosi moja nikaandika postqueue -p, amri ya kuonyesha foleni ya barua, maandishi yakashuka kwenye kioo kwa dakika nzima bila kusimama. Maelfu ya barua za mikopo na dawa, zote zimetoka kwangu. Logi ikasema kila aliyezileta anatokea 172.18.0.1.

Hiyo 172.18.0.1 ni Docker yenyewe. Seva ilikuwa na IPv6, mfumo mpya wa anwani, mtandao wa kontena ulikuwa na IPv4, ule wa zamani, peke yake. Mgeni akigonga kwa IPv6, Docker humpokea mlangoni na kumpeleka ndani akiwa amevaa anwani ya lango la ndani. Postfix ikamwona ni ndugu. Na ukuta wa ufw, wa kuzuia wavamizi wa mtandaoni, niliokuwa nauringia haukusaidia kitu, poti ambazo Docker inazifungua hupita pembeni yake.

Nikarudisha none, nikaipa tovuti akaunti yake, nikawasha IPv6 kwenye mtandao wa kontena, nikafuta foleni yote kwa postsuper -d ALL. Kuisafisha IP kwenye orodha nyeusi ndiko kulikonitoa jasho. Bosi alikuwa anawapigia wageni simu Ulaya kuwaambia waangalie barua taka.

Jingine dogo lililonila siku mbili: ufunguo wa DKIM wa biti 2048 ni mrefu kuliko herufi 255, na kipande kimoja cha rekodi ya TXT, unakowekwa kwenye domeini, hakizidi hapo. Ukurasa wa domeini yetu ukaukata mkia kimyakimya. Ukigawe vipande viwili, kila kimoja ndani ya alama zake za nukuu, kisha jitumie barua Gmail, fungua chanzo cha ujumbe uone kama mbele ya DKIM pameandikwa PASS.

Hiyo kompyuta ya chini ya kaunta usiitupe. Yangu kila usiku saa nane inavuta nakala ya folda ya barua kutoka Ujerumani, na imeshaniokoa mara moja pale mhasibu alipofuta sanduku zima.

Kabla hujalipa hata shilingi, omba seva ya majaribio, uingie na uandike:

nc -v gmail-smtp-in.l.google.com 25

Ikijibu mstari unaoanza na 220, endelea. Ikikaa kimya, poti imefungwa. Bandika hapa unachokiona, nitapita jioni.